Khalati Zuwena Aliita Majina

Nikifungua daftari jipya, harufu ya karatasi na gundi hunirudisha kwenye varanda yetu ya Mabela, mtaa wa Maskati, penye iliki ya kahawa na moshi wa udi. Anayekusimulia ni mimi, niliyepata stashahada Ufaransa kwa jasho langu, nikarudi Maskati kufungua ofisi ya tafsiri Khuwair ya Kusini. Stashahada iko ukutani, mkabala na mlango, huwezi kuikosa.

Nilikuwa na miaka tisa pale Khalati Zuwena, mdogo wake mama, mwalimu wa Kifaransa, alipogombea baraza la manispaa. Skuli nzima nilishaitangazia kuwa atashinda.

Asubuhi moja wanawake wa mtaa walijaa varandani kumsikiliza. Khalati akafungua daftari la mahudhurio, akaanza kuwaita majina kama darasa la tano.

"Bi Nunuu!"

"Nipo, mwalimu! Kazi ya nyumbani tu sikufanya!"

Varanda ikaangua kicheko.

"Bi Thureya!" Akainua macho daftarini. "Yuko wapi Bi Thureya?"

"Kalala huyo," akadakia bibi mmoja. "We hutubu, mwanangu."

"Ningojeni, nnakuja," Khalati akasema, akachukua ufunguo wa gari.

Nikamfuata nikilia. Mgombea gani huyu anayewaachia wapiga kura wake sahani ya halua na kuondoka? "Utashindwa, Khalati! Uso wangu nitauweka wapi skuli?"

"Funga mkanda," akanijibu.

Tulimkuta Bi Thureya kasimama mlangoni, mbele yake dimbwi la mvua, pana kama kiwanja cha mpira. "Siku ya tatu leo sitoki," akasema. "Nyie ndo wa mwanzo kuuliza." Khalati akavua viatu, akavuka, akamshika mkono. Mimi nilibeba viatu, nimenuna.

Tuliporudi naye varandani, hotuba Khalati hakuitoa. Bi Thureya alieleza dimbwi lake, na kila mwanamke akakumbuka la kwake. Khalati akaandika tu.

Alishinda. Mfereji ukachimbwa, na miaka kadhaa baadaye akateuliwa kuingia baraza la taifa. Skuli niliwaambia nilimsaidia sana.

Niliamini daftari lile ni la kuhesabu waliokuja. Hadi baridi yangu ya kwanza Ufaransa, homa imenilaza siku mbili, mlango ukagongwa. Alikuwa mwanafunzi mwenzangu, mkononi kashika bakuli la supu.

"Mwalimu kaita jina lako," akasema, "hukuitika."

Stashahada ile niliipata kwa jasho langu. Na supu ile.