Fahali Aliyetetemeka Kivulini

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mwaka jana, wakati watu wa boma letu walipokuwa kanisani, kaka yangu mkubwa alifariki kwenye godoro tulilokuwa tumemtandikia sebuleni. Figo zilikuwa zimemsumbua muda mrefu. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Aliacha mke, watoto, shamba lililolimwa nusu, na fahali mwekundu aliyefungwa nyuma ya jikoni.

Fahali huyo alikuwa na mwenyewe tayari. Kaka alikuwa amepatana na rafiki yake, Mkuria wa upande wa Migori, kwamba wabadilishane: fahali aende kwa rafiki, na rafiki alete mtamba mwenye mimba. Mtamba angekuwa wa shemeji, mke wake. Kaka hakuwa na kitu kingine cha kumwachia. Alisema watoto wakiwa na maziwa, mama yao hatakuwa akibisha milango ya watu.

Mimi ni mtu wa omena. Miaka mingi nimeanika samaki hao Rusinga, na shule niliachia darasa la nane. Kaka alipoanza kushindwa kutembea nilirudi nyumbani, karibu na Kosele, nikiwa na gunia la vumbi la omena, lile linalobaki chini ya wavu baada ya kuanika, kwa ajili ya fahali wake.

Nilimkuta rafiki yake amekuja kumtazama mnyama.

“Ndume yako ni nzuri,” alisema, “lakini bado ni kijana. Mtamba wangu anabeba mtu tumboni. Huyu wako anabeba nini?”

“Anabeba mapaja,” kaka akajibu. “Njoo mvua kubwa zikianza, utayaona.”

Walicheka. Mgeni alipoondoka kaka aliacha kucheka. Kuanzia hapo hadi mvua kubwa haikuwa mbali kwa mtu mwenye afya. Kwake ilikuwa mbali.

Siku ya soko akamtuma mtu Kosele amletee dawa ya kunenepesha. Aliyeiuza hakuwa na duka, aliibeba kwenye mkoba nyuma ya pikipiki. Ilikuwa unga mweupe ndani ya karatasi ya nailoni, bila jina, bila hata picha ya ng'ombe. Kaka aliuchanganya na pumba, molasi na vumbi langu la omena, akakoroga kwa mkono wake.

Unga ule ulifanya kazi. Sitasema haukufanya. Fahali alijaa mapajani na mabegani mpaka majirani wakawa wanapita makusudi kumwona. Lakini hakunenepa jinsi ng'ombe anavyonenepa, kwa kulainika na kuwa mviringo. Nyama ilivimba chini ya ngozi kama amevaa ngozi ya mdogo wake.

Na tabia yake ikabadilika. Zamani adhuhuri alikuwa akilala na kucheua, watoto wanamkuna masikio. Sasa alikuwa amesimama tu. Bega lake lilikuwa likitetemeka, kama ng'ombe anavyofukuza nzi, na nzi hawakuwapo. Alihema kivulini. Alimaliza karai la maji na kulisukuma kwa pua akitaka lingine. Mfuniko wa sufuria ukianguka jikoni, anavuta kamba mpaka shingo inachubuka. Alipotembea alikanyaga polepole, kama anayepita juu ya mawe ya moto. Watoto waliacha kumkaribia bila kuambiwa.

Afisa wa mifugo alifika kuchanja ng'ombe wa kijiji. Kabla ya kumchoma sindano aliweka kiganja nyuma ya kiwiko cha fahali, mahali moyo unaposikika, akahesabu.

“Mnamlisha nini huyu?”

Kaka alikuwa ameketi mlangoni. Akamwambia.

“Ina jina gani?”

“Haina.”

“Basi siwezi kukwambia ni ipi. Naweza kukwambia inafanya nini.” Alizungumza huku bado amemshika mnyama. “Mzee, ng'ombe akiogopa, mwili wake unamwaga kitu kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, misuli inajiandaa kukimbia. Hofu ikiisha, na kile kitu kinaisha, anatulia. Hii dawa ni kama ndugu ya kile kitu. Lakini haiishi, kwa sababu mnampa kila asubuhi. Mafuta yanaungua, nyama inajengwa, joto linabaki ndani. Amesimama hapa, lakini mwili wake unakimbia. Sasa siku atakayopata hofu ya kweli juu ya hii, ataipeleka wapi?”

Kaka alimtazama fahali.

“Acheni leo. Msimkimbize. Na asichinjwe karibuni, kwa sababu sijui nyama yake ina nini.”

Afisa alipoondoka nilisema, “Umesikia. Amesema leo.”

“Nimesikia,” kaka akasema. “Yeye ana muda.”

Kesho yake mikono yake haikuweza kukoroga. Nilikoroga mimi, yeye akitazama kutoka mlangoni.

Siku aliyofariki sikuweka unga ule. Fahali alikula pumba na omena tu, na sikuweka tena. Lakini hakupata kutulia. Matanga ni kelele. Turubai lilisimamishwa, viti vikashushwa kwa vishindo, na jenereta ya muziki ikawekwa nyuma ya jikoni, hatua chache kutoka kwa kamba yake. Wageni wakawa wanampiga makofi kiunoni kumsifu. Nilimhamishia kwenye migomba ya jirani. Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yetu, akamrudisha.

“Watu wanataka kuona marehemu alikuwa na nini,” aliniambia. “Wewe unamficha kama aliiba?”

Tulimzika kaka kwa utaratibu wa kanisa lao la Sabato, kama shemeji alivyotaka. Asubuhi iliyofuata wazee wakasema sasa ni zamu yao. Kwetu mwanamume mwenye boma akizikwa, ng'ombe hupelekwa hadi mpakani mwa ardhi kwa ngoma, pembe na matawi, watu wakikimbia na kuimba, kulifukuza lile lililotuingilia. Tunaita *tero buru*. Ng'ombe wa marehemu ndiye hutangulia.

Shemeji aliniita kando. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa ya kawaida.

“Shemeji, mambo ya mpakani ni yenu, sitaki ugomvi. Lakini ng'ombe huyo si wenu kumkimbiza.”

Nilikwenda kwa baba mdogo nikamweleza maneno ya afisa. Alinitazama, kisha akamtazama fahali.

“Ndume kama hii ichoke? Hebu tazama mapaja! Wewe ndiye utachoka kwanza, mtu wa omena.”

Wazee wakacheka.

“Basi nimwongoze mimi,” nikasema. “Kwa kamba, na kwa mwendo wa kutembea.”

“Tembea naye. Hata ukitaka mbebe.”

Kwenda tulikwenda vizuri. Nilikuwa mbele, nikimsemesha. Kurudi ndiko kulikoharibika. Vijana wa bodaboda walikuwa wametungoja barabarani ili watusindikize, na walipotuona wakapiga honi wote pamoja na kungurumisha injini. Fahali aliruka. Kamba ilinichuna viganja ikatoka. Nilisikia watu wakishangilia, “Huyo! Huyo!” wakamfuata kwa matawi, kwa sababu hivyo ndivyo ng'ombe wa *tero buru* anavyotakiwa kukimbia.

Hakufika mbali. Nilimkuta karibu na lango letu amesimama, miguu ameitanua, ulimi nje, povu likidondoka. Mwili mzima ulikuwa ukitetemeka. Nilimshika mbavu nikahisi moto, na moyo ulikwenda kasi hata sikuweza kutofautisha pigo na pigo. Mtu akampiga tawi ili aingie langoni. Hakugeuza hata sikio. Nilipiga kelele waniletee maji, yakaletwa, tukammwagia. Akapiga magoti, kisha akaanguka ubavu.

“Kisu!” baba mdogo akaita. “Haraka, kabla hajafa mwenyewe!”

Nikasimama kati yake na fahali.

“Hatuwezi kumla, baba.”

“Kwa nini?”

“Amelishwa dawa ya kunenepesha. Afisa alisema asichinjwe.”

Ngoma ilikuwa imenyamaza. Mmoja wa wale vijana akasema, “Omera, ndugu yangu, kama inanenepesha, mimi nipewe paja. Nirudi kwa bibi yangu na misuli!” Watu wakaangua kicheko. Baba mdogo hakucheka.

“Jana tumemzika ndugu yako. Leo unasimama mbele ya watu unasema alilisha ng'ombe sumu?”

“Sikusema sumu. Nimesema dawa. Alilisha, na mimi nilikoroga.”

“Watu hawa wametoka mbali. Watakula nini? Maneno yako?”

Hilo lilikuwa kweli. Kulikuwa na watu waliotoka hata Remba kwa mtumbwi, na jikoni hapakuwa na nyama. Na najua wapo waliofikiri nataka kumchafua kaka ili boma libaki langu.

Shemeji alikuja kutoka ndani, khanga kichwani. Watu wakampisha. Alisimama kando ya fahali mpaka pumzi ya mnyama ikakatika. Haikuchukua muda. Kisha akamgeukia baba mdogo, akainama kidogo anavyoinamia wazee.

“Baba, tafadhali, wachimbe.”

“Mama, huyu alikuwa wako. Ukimzika huna kitu.”

“Najua. Wachimbe.”

Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani, yakiwa na udongo wa jana. Waliochimba kaburi la kaka ndio waliochimba shimo la fahali, nyuma ya migomba. Walichimba kwa kunung'unika. Watu wengi walikuwa wameondoka kabla halijafukiwa. Unga uliokuwa umebaki niliutupa humo pamoja na karatasi yake.

Mvua kubwa zikaanza. Yule rafiki wa Migori akaja kama alivyosema, akiongoza mtamba kwa kamba, wote wawili na matope hadi magotini. Alikuwa amesikia kuhusu kifo cha kaka. Kuhusu fahali hakuwa amesikia. Alimpa shemeji pole, kisha akauliza, “Na ndume yangu?”

“Hayupo,” shemeji akasema. “Tulimzika.”

“Mlizika ng'ombe?”

Tulimweleza. Alisikiliza huku ameshika kikombe bila kunywa. Tulipomaliza alitoka nje, akamfunga mtamba kwenye nguzo ile ile ya fahali. Akarudi akaketi.

“Nitamwacha,” akamwambia shemeji. “Mama, wewe kamua. Akizaa, ndama wa kwanza nitachukua mimi, na wa pili. Baada ya hapo ng'ombe ni wako. Mume wako alikuwa mtu wangu.”

Shemeji alifunika uso kwa khanga. Tangu msiba uanze sikuwa nimemwona akilia mbele ya mgeni.

Yule mtu akanigeukia.

“Lakini niambie kitu kimoja. Hii dawa. Angeniambia? Nimekuja hapa na mtamba, yeye yuko hai, ananipa ile ndume. Angeniambia imekula nini?”

Shemeji alishusha khanga akanitazama. Nilijua anachotaka niseme, na hata yeye alijua nitasema nini.

“Hapana,” nikasema. “Hangekwambia. Alitaka umchukue kabla haijajulikana amelishwa nini.”

“Ningemswaga hadi kwangu. Angenifia njiani.”

“Ndiyo.”

Alimaliza chai yake yote, taratibu. Akamshukuru shemeji kwa chai. Hakusema neno baya juu ya kaka. Alitoka akamfungua mtamba.

Shemeji alikusanya vikombe akaingia navyo jikoni.

“Ana kiu,” yule mtu akasema. “Kuna maji?”

Karai la fahali lilikuwa pale pale. Nilikuwa nimelisugua kwa majivu na sabuni, zaidi ya mara moja. Nililijaza. Mtamba alikunywa kwa utulivu, masikio yamelegea, mpaka akatosheka. Kisha wakatoka langoni, wakashika njia ya kwenda Migori.