Sabaha na Taa ya Vifaranga

Sabaha ni fundi wa redio na simu hapa Mandawa, na mdomo wake ni mkubwa kuliko kibanda chake. Akitengeneza kitu, mtaa mzima unajua kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo alipokaa wiki mbili bila kujisifu, mimi jirani yake nikajua ameumia.

Alikuwa amemuulia Mama Dastani, mfugaji wa kuku, vifaranga vyake. Alikuwa amemtengenezea kifaa cha kupunguza mwanga wa balbu ya kulelea, ili joto lipungue kadiri vifaranga wanavyokua. Alikijaribu kibandani jioni, kikatulia vizuri. Kilipofungwa bandani kwa mama yule, ubavuni mwa mashine ya kusaga ya Felisian, balbu ikaanza kuruka: inafifia, inawaka kwa nguvu zote. Vifaranga wakakimbilia pembeni wakalaliana, wakafa sitini. Mama Dastani hakumtukana. Bora angetukana.

Siku ya kumi na tano nikasikia yowe kibandani. Nikakimbia nikidhani umeme umemrusha.

"Nilijaribu jioni!" Sabaha alipiga meza. "Jioni Felisian ameshafunga mashine! Mjinga mimi!"

Akanieleza huku anarukaruka. Umeme wa ukutani hupanda na kushuka, na mara mia kila sekunde hupita kwenye sifuri. Chipu inaisikia sifuri kama mwenye nyumba anavyosikia hodi; inasubiri kidogo, ndipo inaufungulia umeme njia ya kwenda kwenye balbu. Ikisubiri sana mwanga unakuwa hafifu, ikisubiri kidogo unakuwa mkali. Sasa mota ya Felisian inatia fujo kwenye waya, na chipu inaitikia hodi za uongo.

"Dawa yake?"

"Mistari mitatu tu ya programu! Ikishaitikia hodi moja, izibe masikio mpaka nyingine ikaribie. Anayebisha kabla ya wakati hafunguliwi!"

Nilifurahi utadhani nimeitengeneza mimi. Lakini ilibaki kumshawishi Mama Dastani, ambaye vifaranga wengine mia walikuwa wanamjia Jumamosi kutoka Nachingwea.

"Haya, kifunge," alimwambia Sabaha. "Hawa wakifa, nabomoa banda, nirudi kwenye ufuta."

Jumamosi saa tatu asubuhi vifaranga wapya walikuwa wameshashushwa bandani, na foleni ya ndoo za mahindi ilikuwa imeshafika barabarani. Mama Dastani alisimama mlangoni mwa banda na tenga mkononi, tayari kuwaokoa vifaranga wake. Felisian akawasha mashine. Ukuta ukatetemeka. Sabaha, asiyenyamaza hata msibani, alifumba macho akashika mkono wangu mpaka ukauma.

Balbu haikutikisika. Vifaranga walitawanyika juu ya pumba, mmoja akanyoosha bawa, akalala.

"Felisian!" Mama Dastani aliita. "Zima! Washa tena!"

Akazima, akawasha. Akaamriwa tena, na tena. Mara ya nne wenye ndoo wakaanza kunung'unika, na Felisian akauliza kama tunataka kusaga mahindi au kumsaga yeye. Balbu ilibaki vilevile.

Sabaha alifumbua macho, akapiga kigelegele mwenyewe. Sikuweza kujizuia, nikampokea.

Mama Dastani aliweka tenga chini. Tangu wale sitini wafe, hakuwa amemkaribisha Sabaha hata maji. Akaingia ndani, akatoka na mkeka.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Ugali uko jikoni."