Diwani Aliyeondoka na Kitenge Chetu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, wewe bado unatambaa, diwani wetu alipokuja kula pilau yetu hapa Rexdale, huku ughaibuni. Sina mvi za kumpa mtu nasaha, lakini hasira ninayo, na leo utanisikiliza kwa Kiswahili hata kama utanijibu kwa Kiingereza.

Diwani huyo alikuwa anatetea kiti chake. Alikuwa ameshasema wazi kwamba jiji liache kugharamia kituo cha kulelea watoto, kile cha chini ya jengo letu, ulikokuwa unashinda wewe. Kikifungwa, mimi siendi kazini ghalani. Nisipoenda, kodi ya nyumba hakuna. Jikoni, nyuma ya ukumbi, kila mama alimsema: safari hii hapiti, atatutambua. Walimenya vitunguu huku wakimng'oa madarakani.

Mgeni rasmi akaingia. Wale wale wakatoka na vigelegele, wakamvisha kitenge. Nilibeba sinia hadi karibu na meza kuu, nikiwa nimeshalipanga swali langu kuhusu kituo. Bi Salma, mkubwa wa jikoni, akanishika mkono.

"Mtu ana tonge mdomoni, wewe unamletea siasa? Mwache ale."

Nikamwacha ale. Aliposhiba akapiga picha nasi, akashukuru, akaondoka.

Hazikupita siku nyingi, kipeperushi chake kikaingia kwenye masanduku yetu ya barua. Sisi hao, meno nje, na juu yetu imeandikwa kwamba wazazi wa Rexdale wako naye. Nikampelekea Bi Salma. Akavaa miwani, akakaa.

"Huyu si mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Kumbe nimempigia kampeni na kilemba changu cha Idi."

Watu wa mitaa ya jirani waliokuwa wanasitasita wakaona, kama wenye watoto wenyewe wanacheka naye, basi jambo si zito. Akashinda. Kituo kikafungwa. Kazi ikaenda, na baridi yote ile nilikaa ndani na wewe nikisikiliza basi la barabara ya Kipling, lililokuwa likinipeleka ghalani, likipita bila mimi.

Sasa anagombea tena, na anataka kupunguza mabasi ya alfajiri, yale yale yanayonipeleka kwenye kazi niliyoipata baadaye. Jumamosi anakuja kula. Wewe utagawa soda, na mimi naogopa, tangu jana sijakaa sawa.

Kwa hiyo shika hili, mwanangu. Mgeni mpe heshima, mshibishe. Lakini msimamo mbaya haumwangushi mwanasiasa kama unachukiwa jikoni tu. Mwambie usoni, ukumbi mzima usikie, kabla hamjapiga picha. Bi Salma mwenyewe ameapa kwamba safari hii atamuuliza kabla hajafunua sufuria.

Mungu akupe adabu ya Bi Salma na ulimi wa mama yako, na akupe moyo wa kuvitumia vyote viwili siku moja. Amina.