Wimbo Usio na Nafasi ya Majina

Kosa langu la kwanza katika muziki lilikuwa kuziba kila nafasi. Nikisikia ukimya kidogo kati ya ubeti na kiitikio, niliweka sauti. Nikishaweka sauti, niliweka nyingine chini yake ili ile ya kwanza isijione mpweke. Hakuna aliyenifundisha hivyo, kwa sababu hakuna aliyenifundisha chochote. Kinanda nilijifunza mwenyewe, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikitazama watu ambao vidole vyao vilipotelea ndani ya ule ufa kila walipofika kwenye noti muhimu.

Siku moja nilikuwa natafuta namna ya kutengeneza kitufe kilichokwama, simu ikaniletea bendi ya Wales. Sikuiomba. Vijana watatu wamesimama nyuma ya vinanda vya umeme, wamevaa sweta za kijivu, hawatabasamu, hawatikisi hata bega. Mmoja anaimba kwa lugha ya kwao, polepole, kama mtu anayesoma jina la dawa. Dirishani nyuma yao kinaonekana kilima cheusi cha uchafu wa mgodi. Mimi nimekulia Lubumbashi, na kilima cha namna hiyo nakiona kila ninapokwenda mjini. Nikasema moyoni: hawa ni ndugu zangu.

Historia yao haimalizi kikombe cha chai. Walitoka mji mdogo wa makaa ya mawe, migodi ilipokuwa inafungwa. Walirekodi kaseti moja, wakatokea mara chache kwenye televisheni ya kwao, wakagombana, na mmoja akaenda kuuza mazulia. Basi. Lakini mimi niliijua historia hiyo kuliko ya ukoo wangu. Ungeniuliza babu yangu alifikaje Lubumbashi kutoka kaskazini, ningekutuma kwa shangazi. Ungeniuliza vijana wale walitumia mashine gani ya ngoma kwenye wimbo wao wa pili, ungejuta kuuliza. Katika jiji zima nilikuwa mtaalamu wao mkuu, na sidhani kama nilikuwa na mpinzani.

Wimbo wao mmoja niliupenda kupita yote. Sikuelewa hata neno moja, na kwa hiyo nilielewa kila kitu. Ulikuwa wimbo wa mtu aliyebaki peke yake duniani, bila jirani, bila mtu wa kumwita. Ulikuwa baridi, safi, hauna pengo. Nilitaka kutengeneza mmoja kama huo kabla sijafa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa wasiwasi, niliona kifo kiko karibu sana.

Nikaanzisha bendi. Binamu yangu, anayeuza salio la simu chini ya mwavuli pale mjini, angeimba. Rafiki yangu anayenizidi umri, mpiga kinanda wa kanisani, alikuja na kinanda cha kanisa. Shangazi yetu alitupa stoo yake kule Naviundu, ambamo anaweka magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, ya kuuza. Vinanda tulivifunika kwa kitenge, lakini vumbi la makala halijali kitenge. Nilifuta kila kitufe kwa pamba kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi. Kati ya kufuta na kufuta tulipata muda wa kupiga muziki kidogo.

"Hakuna kucheka," niliwaambia. "Hakuna kucheza. Hakuna sebene."

Sebene ni ile sehemu ambapo maneno yanakwisha, muziki unakimbia, na watu wanaacha viti vyao. Kuinyima bendi ya Kongo sebene ni kama kumwandalia mgeni bukari, ugali wetu, bila mboga.

"Na libanga?" binamu aliuliza.

Kwetu, katika sherehe yoyote, mwimbaji hutaja majina ya watu katikati ya wimbo. Ndiyo kutupa libanga. Anayetajwa husimama, hujionyesha, hucheza kidogo, na hurudi kwenye kiti akiwa mrefu kuliko alivyoondoka. Kuna watu wasiokumbuka walikula nini harusini ila wanakumbuka kwamba waliitwa.

"Hakuna," nilisema. "Libanga inachafua wimbo."

Rafiki yangu alinitazama kwa huruma. "Petit, mudogo yangu, sasa tunaimba ao tunachunga maiti?"

"Tunafanya sanaa."

"Ah bon. Na hiyo sanaa ikikufa, batamuzika wapi?"

Binamu alicheka. Nikamkumbusha sheria ya kwanza.

Tulifanya mazoezi kwa miezi, zaidi ya yote ya wimbo nilioutunga mwenyewe kwa kuufuata ule wa Wales. Nilimfundisha binamu kusimama. Alikuwa na tabia ya kutikisa goti, nikamwambia goti lile linaonekana hadi Wales. Alipozoea kusimama kama nguzo, nilitangaza kwamba tuko tayari, na kazi ya kwanza ikaja yenyewe: dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa.

Mume wake anatoka Kasenga, familia ya wauza samaki. Kwetu, baba alikuwa amekwisha fariki. Alikuwa fundi wa reli, na hakuna mtu aliyependa libanga kuliko yeye. Waimbaji wa mitaa yote walimjua. Akitajwa, alisimama, akainua leso nyeupe, akazunguka mara moja polepole, kama injini inayogeuzwa karakanani, kisha akaketi na kumwuliza mama: "Umesikia?" Mama alisikia, na majirani wa upande wa pili wa barabara pia walisikia.

Wiki moja kabla ya harusi dada alikuja stoo. Alibaki mlangoni ili makala yasimchafue.

"Mudogo yangu, minakuomba kitu kimoja tu. Pale tutaingia na bwana, mutaje jina ya papa. Mara moja. Minataka aingie na shiye."

"Yaya," nilisema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "pale hapana nafasi."

"Wimbo ni ya weye, hapana? Weka nafasi."

Nilimweleza. Nilimweleza kwa muda mrefu, kwa mikono. Nilitumia neno muundo. Nilimtajia vijana wa Wales, ambao hawakuwahi kutaja jina la mtu, na ndiyo sababu muziki wao ulikuwa safi.

"Papa alikulisha, alikusomesha, na mu wimbo yako haina nafasi yake?"

"Si yeye, yaya. Ni muundo."

"Sawa, musanii," alisema, akaondoka.

Nilidhani amekubali. Jioni ile niliukagua wimbo tena nikagundua kwamba baada ya ubeti wa pili palikuwa na mahali ambapo jina, hata jina refu, lingeweza kupita. Niliona aibu, kama mtu aliyekutwa na tundu kwenye soksi. Nikapaziba kwa sauti ya filimbi ya kinanda.

Siku ya harusi ukumbi wa Naviundu ulijaa. Watu wa Kasenga walikuwa wamekuja na samaki wao, na harufu ilitangulia kuingia kabla ya mashemeji. Tulipanda jukwaani na sweta za kijivu. Lilikuwa joto la kukausha mihogo. Tukaanza.

Wimbo wa kwanza watu walitusikiliza kwa heshima. Wa pili wakaanza kuulizana. Mama mmoja wa Kasenga alimwendea shangazi, akamshika mkono, akamwuliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki, na kwa nini hawakuambiwa mapema. Shangazi akamjibu: "Hapana, mama, ni batoto yetu. Beye banaimba vile."

Kisha wakaanza kuja, mmoja mmoja, kama ilivyo desturi, kumnong'oneza mwimbaji majina sikioni. Mjomba wa bwana harusi. Mwenyekiti wa chama cha wanawake. Mzee aliyefunga tai kwa ajili ya jambo hilo tu. Kila mara binamu alinigeukia, jasho likimtoka ndani ya sweta, na kila mara nilitikisa kichwa. Mzee wa tai alisubiri hadi mwisho wa wimbo, akarudi kwenye kiti chake, akailegeza tai.

Ndipo mlango ukafunguliwa, na dada yangu akaingia na mume wake. Nikaanzisha ule wimbo wangu. Ubeti wa kwanza walitembea. Ubeti wa pili walifika katikati ya ukumbi. Halafu dada akasimama. Mume wake alipiga hatua, akaona amebaki peke yake, akarudi. Dada alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa ananipa nafasi. Alisimama wima bila kutikisa hata bega, imara kuliko binamu, kuliko vijana wa Wales, na mahali pale pale ambapo jina lingepita, filimbi yangu ikalia.

Wimbo haukuwa na kosa hata moja. Nakumbuka nililitambua hilo, na nilifurahi.

Shangazi akainuka. Hakuwa na kipaza sauti. Akalitaja jina la baba kwa sauti yake ya kuuzia makala, jina lote, na la babu juu yake. Mimi, nikiwa mtu wa makini, nikasikia kwamba kuna kelele ukumbini inayoingilia muziki. Nikaongeza sauti.

Hilo ndilo ninalolikumbuka usiku. Si filimbi. Mkono wangu ukizungusha kile kifungo cha sauti.

Rafiki yangu alinitazama, akatazama kifungo, akainama, akachomoa waya, akanikabidhi. Kinanda changu kikakata katikati ya noti. Ukumbini shangazi alikuwa bado anaita, na sasa kila mtu akamsikia, na wakubwa walioijua reli wakalirudia jina lile mmoja baada ya mwingine. Dada alitoa leso mkononi mwa mume wake. Akaiinua. Akazunguka mara moja, polepole.

Rafiki akakivuta kile kinanda cha kanisa, akapiga sebene. Binamu akavua sweta na kutaja kila jina alilonong'onezwa toka mwanzo, bila kusahau hata moja. Mzee wa tai aliikaza tena tai yake mbele ya watu wote. Goti la binamu lilikuwa huru. Mimi nilibaki nimesimama na waya mkononi, mtu pekee katika ukumbi aliyefuata sheria za bendi.

Bendi iliishia hapo. Ndugu zangu wa Wales walidumu zaidi yetu, maana walau waliacha kaseti.

Nilinuna wiki kadhaa. Nilijiambia kwamba sanaa haijaeleweka, kauli ambayo inafariji sana ukiwa peke yako na magunia. Kisha simu, bila kuombwa tena, ikaniletea mahojiano na yule mwimbaji wa Wales. Sasa ni mzee, ameketi jikoni kwake, anacheka ovyo kama mtu wa kawaida. Maandishi ya Kifaransa yalipita chini ya picha, na niliyasoma nikizunguka ule ufa wa kioo.

Wakamwuliza kwa nini walisimama kama sanamu. Akasema nyaya zao zilikuwa mbovu: mtu akitikisika, mashine ilinyamaza.

Wakamwuliza kuhusu ule wimbo wao niliokuwa nikiupenda kupita yote. Akasema: huo? Huo ni majina tu. Migodi ilipofungwa watu walikuwa wanahama, kwa hiyo alichukua mtaa wa mama yake na kuutaja wote, nyumba hadi nyumba. Muuza samaki. Mwalimu wa kwaya. Mjane wa kona na mbwa wake. Hata mbwa alitajwa.

Nilisimamisha picha. Halafu nikaenda kwa dada.

Alikuwa uani anasonga bukari. Sikuwa nimepanga la kusema, jambo ambalo si kawaida yangu, nikaanza na nyaya, nikaja kwenye mtaa, kwenye muuza samaki, kwenye mbwa. Alisonga bila kuinua kichwa. Nilipofika kwa mbwa akaacha.

"Kumbe bazungu banatupa libanga," alisema, "ata kwa imbwa. Na weye unakatalia papa?"

"Ndiyo, yaya."

"Kwa ile filimbi?"

Sikujua kwamba aliisikia. Akanisogezea kigoda kwa mguu. "Ikala. Utakula."

Siku hizi napiga kinanda cha pili nyuma ya rafiki yangu, kwenye harusi na ubatizo. Bado nafuta vitufe kwa pamba. Ule wimbo wangu niliutoa filimbi, na baada ya ubeti wa pili nimeacha mahali pa majina. La baba hutajwa kwanza. Mahali hapo sipazibi tena.