Kivimbe Chini ya Ulimi ya Goreth

Mama alikuwa ameshapatana na yule mubibi wa kukata kirimi, kile kinyama chenye kinaninginia nyuma ya koo. Kesho asubuhi atakuja na kisu yake. Lakini dada yangu Goreth, kivimbe yake ilikuwa chini ya ulimi, laini, bluu kidogo, kama tumbo ya chura. Nikapiga kelele nyumba nzima: "Hakuna mutu atamugusa! Mi namupeleka kwa muganga wa meno, kesho alfajiri!" Goreth alikuwa anaogopa kansa. Mi pia.

Saa kumi na mbili asubuhi tukatoka mutaa yetu ya Carama kwa miguu. Ukungu ulifunika barabara. Watu walitokea miguu kwanza, kisha ndoo, uso mwisho. Risasi za usiku, ni kama tuliziota tu.

Kwenye bariyeri ya Cibitoke, askari akamuuliza Goreth jina. Akajibu kama mutu amejaza ugali mudomoni.

"Huyu amelewa saa hizi?"

Nikaanza kuchemka. Goreth akanifinya mukono, tukapita.

Saa tatu, mujini. Muganga wa meno, muzee moja Mukongomani, akamukalisha karibu na dirisha. Kidole moja chini ya ulimi, ingine chini ya kidevu, akabonyeza polepole kama mutu anachagua avoka yenye imeiva sokoni.

"Binti, inaumaga?"

"Apana."

"Inapasukaga, kisha inarudi?"

Goreth akaniangalia mimi.

"Mi nilitoboa mara mbili," nikasema. "Lakini sindano niliipitisha kwa moto! Nilisoma kwenye kitabu."

"Kitabu gani?"

"Ya kutunza ng'ombe."

Muzee akacheka mpaka akavua miwani. "Basi we na wale wakata kirimi muko kazi moja. Keti, dokteri wa ng'ombe."

Niliketi. Akavuta maji kidogo na sindano: mazito, meupe, kama ute wa yai. "Ni mate. Njia yake imeharibika, mate yanajikusanya. Si kansa. Ukitoboa tu, tundu linajifunga, yanajaa tena."

Goreth akalia bila sauti. Muzee akamuchoma ganzi, akakata ile ngozi ya juu, akashona kando kando ili mudomo wa kile kifuko ubaki wazi. Mi niliangalia dirishani. Ziwa ilikuwa imesimama, nyeupe, kama haijawahi kusikia habari ya vita.

Saa tisa tukarudi, mbele ya saa ya couvre-feu, ile amri ya kutotembea usiku. Tulitembea kama tunaelea.

Nyumbani nikamueleza Mama yote, hata sindano yangu. Nilikuwa nimejifunza kwamba kumupenda mutu hakufundishi mukono kazi. Mama akashika mwiko.

"We ndiye ulimutoboa mutoto wangu?"

Muganga alikuwa amemukataza Goreth kuongea siku hiyo. Akaongea, polepole, na nyuzi mudomoni, lakini ulimi umelala pahali pake:

"Mama, umuache. Ni yeye alinipeleka."