Firigisi za Mwenyekiti

Kama umewahi kupita Ihanja saa sita mchana ukasikia harufu ya kuku ikakufanya umwambie dereva apunguze mwendo, basi umeshakutana na Damari, hata kama hukumwona. Banda lake la chakula liko hatua chache tu baada ya matuta, na kila gari linalorukishwa na matuta hayo linamwachia kitu, vumbi au abiria mwenye njaa.

Mimi ni Samweli, fundi matairi. Nimekaa ng'ambo ya barabara nikimtazama miaka tisa, na karibu kila siku nimekula kwake, kwa hiyo nikimsifia mjue tumbo nalo linachangia. Ana miaka arobaini na sita, ni mfupi, na sauti yake iko chini. Hagombani na mtu. Akiudhika ananung'unika Kinyaturu huku anakoroga, na mwenye akili zake huondoka jikoni mapema.

Malori ya makaa ya mawe yalipoanza kupita kwa wingi kutoka kusini, madereva walizoea kusimama kwake. Mmoja wao alikuwa Bonifasi, mzee wa miaka hamsini na nane, tumbo mbele, kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Bonifasi aliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili, akarudi na cheti na neno moja, taaluma. Toka siku hiyo alikuwa hawezi kula kuku kama watu wengine. Akatukusanya, akatuambia sisi si walaji wa kawaida bali ni watu wa fani, na fani yoyote yenye heshima hula pamoja kwa utaratibu. Ndivyo ulivyozaliwa Umoja wa Chakula cha Mchana wa Watu wa Makaa ya Mawe. Tulikutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Yeye alikuwa mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyeleta wazo, na kwa sababu ndiye aliyekuwa na kalamu.

Aliandika kanuni kwenye kibao cha mbao, akakipigilia ukutani juu ya meza. Kanuni ya kwanza, mwanachama lazima aishi kwa makaa ya mawe. Kanuni ya pili, sufuria haifunuliwi mpaka mwenye zamu atoe mada kuhusu makaa, na mada iwe moja kwa mkutano, tena mpya, isiyowahi kutolewa hapa. Kanuni ya tatu, mwenye zamu akishindwa kutoa mada atawapakulia wenzake, naye atakula wa mwisho. Ya nne haikuandikwa lakini ilifuatwa kuliko zote. Kila mkutano Damari alipika majogoo wawili, na firigisi zote mbili zilikwenda kwenye sahani ya mwenyekiti.

Msinicheke, mimi nilikubaliwa kuwa mwanachama. Bonifasi alisema makaa hayatembei kwa miguu, yanatembea kwa matairi, kwa hiyo fundi matairi ni mtu wa makaa. Prashant naye alikubaliwa. Huyu ana duka la vipuri Singida mjini, duka la babu yake, na nusu ya breki za malori yale zinatoka kwake. Prashant hali nyama kabisa, na kila mwezi Damari alimpikia kunde zake kwenye kasufuria ka peke yake, na mwiko wake peke yake. Prashant alikuwa akija kilomita zote hizo kula kunde, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Mwaka wa pili Damari aliomba kuingia. Alifanya kwa adabu. Alifuta mikono, akasimama mbele ya meza, akamwambia Bonifasi, "Shikamoo mwenyekiti. Na mimi naomba kiti. Madereva wa makaa ndio wanaoniweka mjini, siku hizi hata sare za wanangu zinatokana na makaa."

"Marahaba," Bonifasi alijibu. "Wewe unapika, Damari. Kupika si fani ya makaa."

"Na kuziba pancha?"

"Kanuni ni kanuni."

Akaitisha kura. Wanaotaka Damari aingie wanyooshe mikono. Prashant alinyoosha. Mimi nilikuwa nimeshika paja la kuku kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto sikuuona kazi yake siku hiyo. Niliogopa kwamba wakianza kuchunguza nani ni mtu wa makaa na nani si mtu wa makaa, mimi ndiye nitakayetoka wa kwanza. Niliona aibu wakati ule ule, na paja nikalimaliza.

Damari alirudi jikoni. Aliendelea kutupikia, na kula aliendelea kula wima, shingo na vidole vya miguu, akiwa ameegemea nguzo ya banda. Kiti hakuomba tena. Kitu ambacho hatukukifikiria, sisi wanataaluma, ni kwamba mwanamke anayesimama pale na mwiko mkononi miaka minne anasikia kila mada.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti mwaka huu upepo ulikuwa ule wa kwetu, wa baridi na mchanga, unaokusukuma ukale. Tulikuwa wanane mezani. Ugali wa uwele ulikuwa tayari, mlenda upo, na majogoo wawili walikuwa wanamalizia kuiva kwenye mafuta ya alizeti. Zamu ilikuwa ya Bonifasi. Alisimama, akajikohoza.

"Ndugu wanataaluma, leo nitazungumzia unyevu. Makaa yakinyeshewa yanaongezeka uzito, na dereva asiyefunga turubai..."

"Shikamoo mwenyekiti," Damari alisema kutoka jikoni. "Samahani. Hiyo uliitoa mwezi wa tatu mwaka jana. Ilikuwa siku ya yule jogoo mwekundu aliyekuwa mgumu, ukavunja jino."

Tukamgeukia. Bonifasi alipapasa shavu lake, na ilionekana jino alilikumbuka vizuri kuliko mada.

"Basi nitazungumzia jinsi makaa yanavyopatikana ardhini," alisema. "Miti ya zamani sana ilianguka..."

"Hiyo ni ya kaka Amosi. Siku ile niliunguza mabawa."

Amosi, dereva mwenzake wa kutoka Songea, alitikisa kichwa. "Kweli. Mabawa yaliungua."

"Moto," Bonifasi alisema haraka. "Makaa yakirundikwa muda mrefu yanaweza kujiwasha yenyewe."

"Ya kaka Prashant. Aliisoma kwenye simu. Siku ile kunde zilikuwa na nazi."

"Nzuri sana zile," Prashant alisema.

Bonifasi alijaribu mada nyingine tatu. Damari hakuwa na daftari wala simu. Kila mada alikuwa ameihifadhi pamoja na kuku wake, huyu wa kuchemsha, yule wa kuchoma, yule aliyeletwa na mama mmoja wa Kinyangiri akatoroka wakamkimbiza mpaka karakana kwangu. Hakukosea hata moja. Harufu ilikuwa imeshafika puani kwetu sote, na Amosi alianza kusogeza sahani yake mbele na nyuma kama mtoto.

"Mwenyekiti," Amosi alisema, "leo turuke mada. Tule tu."

Damari alitoka jikoni, akaweka sufuria katikati ya meza, akaweka mkono juu ya kifuniko. "Kanuni ni kanuni," alisema. Hakupandisha sauti. Alisema kama anavyosema chumvi iko pale.

Tulimtazama Bonifasi, naye akatazama kibao chake mwenyewe. Aliuliza kama kuna mwenye mada ya akiba. Mimi nilifikiri kwa nguvu zangu zote, na kilichonijia ni matairi.

"Mimi ninayo," Damari alisema. "Ila mimi si mwanachama."

Prashant alisimama, akavaa miwani, akakisoma kibao kuanzia juu mpaka chini bila haraka. Kati yetu ndiye peke yake ambaye harufu ile haikumwathiri. "Imeandikwa mwenye zamu akishindwa anapakua," alisema. "Haikuandikwa kwamba mada ya kufungulia sufuria lazima itoke kwa mwanachama."

"Hebu atoe," walisema wanne kwa pamoja.

Damari alikwenda nyuma ya banda, kwenye jiko la nje anakochemshia maharage. Alirudi na bati, na juu ya bati vitu viwili vilivyokuwa bado vinatoa joto. Akaliweka bati mbele ya mwenyekiti, pale sahani yake inapokaaga.

"Mnajua matuta haya yanamwaga makaa," alisema. "Turubai zikilegea, gari likiruka, vipande vinadondoka. Naviokota. Ni mwaka wa tatu maharage yangu yanaiva kwa makaa yenu, na nawashukuru. Hiki cha kushoto kilidondoka juzi kwenye gari la kaka Amosi. Niliwasha asubuhi. Angalieni."

Kipande cha kushoto kilikuwa kimegeuka majivu, na katikati bado kuna wekundu.

"Hiki cha kulia nacho kimekaa kwenye moto ule ule, saa zile zile, na hakijawaka. Si mara ya kwanza. Kuna gari moja, toka mwezi wa tano, kila likipita naokota vipande vya namna hii. Maharage yananigomea. Nikaanza kuvitenga, nikaviosha." Akachukua kikombe cha maji, akamimina. Mvuke ulipanda, weusi ukachuruzika, na chini yake likatokea jiwe la kijivu lenye vimetameta. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Sisi wa hapa tumezaliwa juu ya mawe hayo. Tunakaa juu yake, tunaanika mtama juu yake, tumevunja vidole vya miguu juu yake.

"Hili si la Songea," Damari alisema. "Hili ni la kwetu, limepakwa vumbi la makaa. Mtu anapunguza mzigo njiani, anajazia mawe ili uzito usipungue. Naona huko kwa wachoma matofali siku hizi moto ni mkali sana. Mada yangu ndiyo hiyo. Nadhani ni mpya."

Ilikuwa mpya. Amosi alilichukua jiwe na kitambaa, akaligeuza. Mezani palikuwa na madereva watano mbali na mwenyekiti, na mwezi wa sita madereva wote walikuwa wamesimamishwa kubeba mzigo kwa wiki mbili kwa sababu kule wanakopeleka kulilalamikiwa makaa yasiyowaka. Kila mmoja alimshuku mwenzake.

"Ni gari gani?" Amosi aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mchezo.

Damari alipangusa meza palipomwagika maji. "Umeandika mada iwe moja kwa mkutano, mwenyekiti, si ndiyo? Namba ya gari itakuwa mada ya mwezi ujao."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Bonifasi. Ule upepo wa Agosti ulikuwa unatupiga mgongoni, nasi tumevaa makoti, lakini shingo yake ilikuwa imelowa. Alichomoa kalamu moja, akairudisha, akachomoa ya pili. Kisha akasimama.

"Napendekeza," alisema, "Damari aingizwe kwenye Umoja."

Safari hii nilinyoosha mikono yote miwili. Amosi aliniangalia, akaniambia kura ni moja, nikashusha wa kushoto.

Prashant alivuta kiti, akakiweka kati yake na mimi. Damari alivua aproni, akaikunja, akakaa. Alikaa akiwa amenyooka na mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha. Sufuria ilikuwa bado imefunikwa, na mpishi alikuwa amekaa.

"Kanuni ya tatu," Damari alisema taratibu.

Bonifasi akachukua upawa. Alifunua sufuria, akaanza kutupakulia mmoja mmoja, mzee mzima, kalamu zinaning'inia kila akiinama. Kwa Prashant alipakua kunde, kwa mwiko wake. Alipofika kwa Damari, ndani ya upawa zilikuwemo firigisi zote mbili, zimekaa pamoja, zinang'aa mafuta. Upawa ulisimama hewani. Akaziangalia firigisi. Akaliangalia lile jiwe kwenye bati. Kisha akazimimina kwenye sahani ya Damari, zote mbili.

"Asante, mwenyekiti," Damari alisema. Alitafuna ya kwanza polepole, amefumba macho. Katika miaka yote ile nilikuwa sijamwona akila amekaa. Alipomaliza alisema, "Chumvi imepungua kidogo," na Prashant akacheka mpaka akavua miwani.

Mwezi uliofuata tulifika mapema kuliko siku zote. Amosi alikuwa amekuja na daftari la kuandikia namba ya gari. Damari alipika kama kawaida, akavua aproni, akakaa. Kabla hajafungua mdomo, Bonifasi alisimama. Safari hii hakuwa na kalamu hata moja mfukoni.

"Naomba zamu hii niichukue mimi," alisema. "Mada yangu ni kuhusu gari langu."

Akaisema yote. Alisema toka lini, na wapi anashusha, na mawe anayatoa kilima gani. Alisema kwamba kwa wenye mzigo ameshakwenda juzi, nao wamemnyang'anya funguo, sasa hana gari. Alisema ameona heri tuisikie kwake. Nilimhurumia, ingawa wale madereva watano hawakumhurumia, na hawakukosea. Alipomaliza alibaki amesimama, anasubiri, hajui kama bado ana kiti.

Sote tukamgeukia Damari, kwa sababu ndiye anayejua.

Alifikiri kidogo, akiwapitia kuku wake wote wa miaka minne. "Hiyo ni mpya," alisema. Akafunua sufuria, akachukua upawa mwenyewe, akampakulia Bonifasi ugali, mchuzi, na paja zima.

Firigisi hakurudishiwa hata moja.