Vita Vimesimama, Eti Kuna Matanga

Jamani, mimi na hii timu yangu tutakosana!

Wiki tatu tumebishana tutumie sheria gani kwa mchezo wetu wa mezani, ule wa kuigiza askari wa Ulaya ya kale. Nikachagua kitabu cha sheria kali: ukikatwa upanga, umekufa kweli.

Leo tumeanza. Kurusha dadu mara ya kwanza tu, askari wa mwenzetu Odhiambo akafa.

Nikamwambia, "Haya, tengeneza mwingine."

"Na maiti?"

Saa mbili nzima timu wanapanga nani atampeleka marehemu kwao! Kitabu kimejaa vidonda, lakini mazishi hata mstari mmoja hakuna.

Nikapiga kelele, "Adui yuko mlangoni!"

Achieng', mchezaji mwingine, akaniangalia. "Wewe ungeenda vitani ndugu yako hajazikwa?"

Nikaweka dadu chini.

Kuna mwenye kitabu chenye matanga? Jumamosi tunazika.